Mtoto Akitimiza Miaka Saba

"Akifika miaka saba nakuja kumchukua mwanangu." Kauli hii hutolewa mlangoni, mabegi yakiwa yameshapakiwa kwenye bajaji, na mara nyingi wote wawili huiamini. Baba anahesabu miaka. Mama anaiogopa siku ya kuzaliwa ya mwanawe kama mpangaji anavyoogopa tarehe ya kodi. Lakini ukiifungua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara kwa watu wa dini zote, hukuti agizo la namna hiyo.

Unachokuta ni kifungu cha 125. Kinataka mtoto aliye chini ya miaka saba achukuliwe kuwa ni heri akae na mama yake. Wanasheria tunaiita dhana inayoweza kukanushwa: hakimu anaanzia hapo, ila hajafungwa miguu. Baba akileta ushahidi kwamba mtoto wa miaka mitatu analala kwa majirani siku nne kwa wiki, dhana hiyo inaweza kuanguka hata kabla mtoto hajaanza chekechea.

Na baada ya miaka saba? Dhana inakoma, basi. Hakuna palipoandikwa kwamba mtoto anahamia kwa baba. Tena kifungu hichohicho kinamkumbusha hakimu kuwa si vizuri kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha-hamisha, kwa hiyo aliyekaa naye vizuri miaka yote hiyo haingii mahakamani mikono mitupu.

Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Matakwa ya wazazi husikilizwa, na mila za jamii pia. Hapo ndipo wazee wa ukoo hukasirika: mahari ilitolewa, ng'ombe walihesabiwa, mtoto awe wa nani tena? Hakimu atawasikiliza kwa heshima zote, kisha atauliza nani anampeleka kliniki, shule iko umbali gani, nyumbani analala na nani. Anaweza kumwagiza afisa ustawi wa jamii aende kuona kwa macho yake. Hata ndugu wa tumbo moja kila mmoja huangaliwa kivyake, ingawa binafsi sipendi kuona wakitenganishwa.

Suala la matunzo lisichanganywe na hili. Kifungu cha 129 kinamtwika baba wajibu wa kumtunza mtoto wake hata kama anaishi kwa mwingine, isipokuwa makubaliano au amri ya mahakama iseme vinginevyo. "Umemtaka, mlee mwenyewe" haimwondolei ada ya shule. Mama naye asimfungie baba mlango kwa sababu pesa ya mwezi huu imechelewa. Deni hilo lina njia yake ya kudaiwa, na mtoto hawekwi rehani. Mambo yakibadilika, kifungu cha 133 kinaruhusu kurudi kuomba amri ibadilishwe.

Mtoto mwenyewe naye huulizwa, akiwa na umri wa kutoa maoni yake kwa uhuru. Nawasihi wazazi wasimfundishe majibu. Mtoto wa miaka minane akisema "mzazi wangu hana uwezo wa kiuchumi", hakimu hahitaji shahidi wa kumwambia sentensi hiyo imetungwa nyumba ipi.