Mchuuzi na Sheria Asiyosomewa

Mwenye kibanda cha chakula mjini Jakarta, ukimwuliza kama vyakula vyake ni halali, aghalabu atashangaa. Yeye ni Mwislamu, kuku wake amechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na nguruwe hajapata kuingia jikoni mwake. Mbele ya dini jibu hilo latosha. Mbele ya sheria halitoshi, na hapo ndipo penye tatizo.

Sheria Nambari 33 ya mwaka wa 2014 ya Indonesia iligeuza jambo la hiari likawa la lazima: bidhaa iuzwayo nchini humo sharti iwe na cheti. Hata nyama ya nguruwe haikukatazwa, ila ni lazima itangazwe wazi kuwa si halali. Wazalishaji wakubwa na wa kadiri wa vyakula walipewa hadi tarehe 17 Oktoba 2024. Wadogo wakaongezewa miaka miwili.

Naikubali hoja ya sheria hiyo. Mlaji hawezi kuona kwa macho mafuta ya nguruwe yaliyomo ndani ya biskuti. Habari za aina hiyo zilizusha taharuki huko mwaka wa 1988, na mwaka uliofuata Baraza la Maulamaa likaunda chombo cha kuchunguza vyakula. Jelatini, au hata kinu cha kusagia nyama kinachotumiwa na watu wengi, chaweza kutia shaka chakula cha mtu mwaminifu kabisa. Lakini ni nani aliyemweleza mwenye kibanda hayo?

Sheria ya mwaka wa 2020 ilimruhusu mfanyabiashara mdogo kutoa tamko mwenyewe, mradi malighafi yake haina shaka na upishi wake ni sahili; msaidizi aliyefunzwa huja kuthibitisha. Njia hiyo ni nzuri, ila humtaka kwanza awe na nambari ya usajili wa biashara, na ajue kwamba njia yenyewe ipo! Asiyejua huweza kukabiliwa na onyo la maandishi, faini, au bidhaa yake kuondolewa sokoni. Kumwadhibu mtu huyo kabla ya kumfundisha, naona si uadilifu.

Walimu na wanafunzi wa somo la biashara wasidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Hapa Kenya vyeti vya halali hutolewa na taasisi za Kiislamu, lakini Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Mwenye hoteli aandikaye "Halali" ukutani kwa rangi ya kijani ametoa ahadi ambayo mteja aweza kumshtaki kwayo, awe amepata kuisikia sheria hiyo au la.