Dawa ya Moyo Haiazimwi

Tunduma ni mji ambao hatua chache tu humtoa mtu Tanzania zikamfikisha Nakonde, Zambia. Penye mpaka wa biashara kila kitu hununuliwa kwa haraka, na dawa nazo zimo. Mtu huingia dukani na kasha tupu mkononi, akasema, "Nipatie kama hizi za mzee." Ikiwa dawa hiyo ni digoksini, haraka hiyo yaweza kugharimu maisha.

Digoksini ni dawa ya moyo itokanayo na mmea uitwao digitali. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering aliandika kitabu juu ya mmea huo, baada ya kupata habari za dawa ya kienyeji ya bibi mmoja wa Shropshire. Tangu hapo alitambua kuwa dawa hiyo, ikizidi kipimo, hugeuka sumu.

Kazi yake ni hii. Vyumba vya juu vya moyo vikitetemeka badala ya kupiga, vyumba vya chini hupokea amri nyingi mno, vikaenda mbio bila mpangilio. Digoksini hupunguza amri hizo, moyo ukapata nafasi ya kujaa damu kabla ya kuisukuma. Katika nchi zetu wengi hupatwa na maradhi haya kutokana na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza utotoni kwa maumivu ya koo, kisha ikaharibu vali za moyo.

Lakini kipimo kinachoponya na kile kinachodhuru vimekaribiana mno. Kuna kidonge cha mikrogramu 62.5 na kuna cha 250: kimoja ni sawa na vinne vya mwenzake. Dawa hii hutolewa mwilini na figo. Kwa mzee ambaye figo zake zimechoka, hujilimbikiza. Vidonge vya kukojoza navyo hupunguza madini ya potasiamu, hatari ikaongezeka.

Dawa ikizidi, mgonjwa hukosa hamu ya chakula, hutapika, huchoka, na pengine huona vitu vina rangi ya manjano. Hapo ndipo jamaa husema, "Ni malaria," wakamtafutia kwinini. Kumbe kwinini huzidisha digoksini katika damu! Huruma yao humwongezea mgonjwa sumu.

Basi, mgonjwa wa moyo akitapika, apelekwe hospitali upesi pamoja na vidonge vyake vyote, na mganga aelezwe kila alichomeza. Akisahau kumeza siku moja, asimeze maradufu kesho yake. Asiiache dawa kwa kuwa amepata nafuu, wala asimgawie jirani mwenye moyo unaodunda. Vidonge viwekwe mbali na watoto.

Jembe huazimwa, na chumvi huombwa kwa jirani. Dawa ya moyo ni ya mwenyewe aliyepimiwa.