Usihesabu Ghorofa Pekee

Anayenunua fleti ikiwa bado kwenye michoro hulipa kwa awamu, na kila awamu ikikaribia huletewa picha. Jengo limefika ghorofa ya 8, limefika ya 12. Picha hizo zinatumwa Sinza jijini Dar es Salaam, zinatumwa pia Muscat na London kwa ndugu walioko huko, na wengi wanaozipokea hupiga hesabu moja: ghorofa 12 kati ya 16, basi imebaki robo ya kazi.

Hesabu hiyo inapotosha. Katika jengo refu la makazi, msingi, nguzo, bimu na slabu kwa pamoja mara nyingi havifiki nusu ya gharama yote. Kinachokula pesa na muda ni vinavyofuata: kuta, mabomba, umeme, lifti, madirisha, vigae, rangi. Vitu hivyo mpita njia havioni.

Hata mwanzoni macho hudanganya. Miezi ya kwanza mabati yamezungushwa, malori yanaingia na kutoka, na hakuna kinachochomoza. Mnunuzi anaanza kunung'unika. Kumbe chini udongo umepimwa, mashimo ya nguzo za msingi yanachimbwa na kujazwa nondo na zege, na pengine pampu zinavuta maji mchana na usiku. Ucheleweshaji wa hapa si wa kulalamikia haraka, kwa sababu kosa la msingi halirekebishwi jengo likiwa limeshapanda.

Likishatoka ardhini, mwendo hubadilika. Mafundi wanafunga mbao, wanasuka nondo, wanalaza mabomba ya nyaya, mhandisi anakagua, zege linamwagwa. Kwenye saiti nyingi za kwetu, wiki mbili hadi tatu kwa ghorofa ni mwendo wa kawaida. Hapa ndipo wanunuzi hushangilia, na hapa ndipo kasi inapaswa kuulizwa maswali.

Zege hukomaa polepole. Siku ya 7 huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake, na kipimo kinachotegemewa ni cha siku ya 28. Slabu yenye unene wa milimita 200 ina uzito wa karibu kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Ikiwa mbichi haijibebi. Inabebwa na mirunda au nguzo za chuma, nazo zimesimama juu ya slabu ya chini yake ambayo pengine haijakomaa. Ndiyo maana saiti inayosimamiwa vizuri huacha mirunda hata ghorofa mbili tatu chini ya ile inayomwagwa. Ukiona inang'olewa mapema ili ikatumike juu, hiyo si kasi ya kushangilia.

Uthibitisho upo, tena kwa maandishi. Siku ya kumwaga zege, fundi sanifu huchota sehemu ya zege lilelile na kujaza viboksi vya chuma vya milimita 150 kila upande, akilishindilia tabaka kwa tabaka. Kesho yake huitoa michemraba hiyo, huiandika tarehe na namba ya ghorofa, kisha huitumbukiza kwenye tangi la maji. Baadhi hupasuliwa kwa mashine siku ya 7, mingine siku ya 28. Zege la daraja la 25 linatakiwa kuhimili nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Ripoti yake haizidi kurasa chache, na ina maana zaidi kuliko picha kumi za droni.

Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Kwa mpita njia, lilikuwa jengo linaloelekea kukamilika; wingi wa ghorofa haukuwa uthibitisho wa usalama. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu zilizojengwa, soma kibali kinaruhusu ghorofa ngapi, maana nguzo za chini hukokotolewa kwa idadi hiyo. Kisha soma bango la mradi. Mkandarasi athibitishwe kwa CRB, mhandisi kwa ERB, mbunifu na mkadiriaji majenzi kwa AQRB, yaani bodi zinazowasajili Tanzania. Kwa Kenya, anzia NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi.

Jengo linaweza pia kuwa imara na bado lisikaliwe. Miradi ya Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) ya Morocco Square na Kawe 711, Dar es Salaam, ilisimama mwaka 2018, ikaendelea tu baada ya serikali kuliruhusu shirika kukopa tena. Minara ilikuwa imeshainuka. Kilichokosekana kilikuwa fedha za kumalizia. Urefu wa jengo haukuambii kama mwenye mradi ana pesa za hatua inayofuata.

Basi omba picha za ndani. Zipigwe kila mwezi, mahali palepale, zikiwa na tarehe. Uliza kama mabomba ya kupanda na kushuka yameunganishwa kutoka juu hadi chini, kama shimo la lifti limefungwa reli, kama transfoma imeshaombwa. Kwa bafu, uliza jaribio la maji: sakafu huzibwa na kujazwa maji kwa siku nzima au zaidi kabla ya vigae, kisha fundi anashuka ghorofa ya chini kuangalia dari. Ikiwa vigae vimewekwa bila jaribio hilo, uvujaji utaujua baada ya kuhamia, pengine kwa kugongewa mlango na jirani wa chini.

Kwenye miradi mingi, maendeleo hupimwa na mkadiriaji majenzi. Anapima kazi iliyofanyika, ndipo hati ya malipo ya mkandarasi inatolewa, na sehemu ya fedha, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, huzuiwa mpaka kasoro zirekebishwe. Mkandarasi halipwi kwa picha, nawe usilipe kwa picha. Mkataba wako ufunge kila awamu kwenye kazi iliyopimwa badala ya tarehe ya kalenda, na kabla ya kutuma fedha uliza: hati ya mwisho ni ya lini, na inasema kazi imefika asilimia ngapi? Muuzaji akijibu kwa kukutajia idadi ya ghorofa, mwombe hati yenyewe.