Jeni ya XPC: ngozi nyeusi inapokosa ulinzi wa jua

Katika kisiwa cha Mayotte, mtoto mmoja kati ya watoto wapatao 5,000 huzaliwa na maradhi ambayo Ulaya magharibi huwapata watoto wawili au watatu tu katika kila milioni moja. Madaktari huyaita xeroderma pigmentosum, kwa kifupi XP. Watafiti waliochapisha habari hiyo mwaka 2011 walieleza kwamba hakuna mahali pengine duniani palipojulikana kuwa na kiwango kikubwa namna hiyo. Wagonjwa wao walikuwa watu weusi wenye asili ya Visiwa vya Komoro, na hilo linatugusa sisi tuliokua tukiamini kwamba ngozi nyeusi haiogopi jua.

Chanzo ni jeni iitwayo XPC, iliyoko kwenye kromosomu ya 3. Mionzi ya urujuanimno ya jua ikiingia kwenye ngozi, hufanya herufi mbili jirani za DNA zishikane, na hapo DNA hupinda kama uzi wenye kifundo. Protini inayotokana na jeni ya XPC hupita ndani ya kiini cha seli ikitafuta mapindo ya aina hiyo. Ikiyapata, hung'ang'ania papo hapo na kuziita protini nyingine. Kuna zinazotenganisha nyuzi mbili za DNA, kuna inayohakikisha kwamba kweli pameharibika, kisha mbili hukata, kila moja upande wake. Kipande cha herufi zipatazo 30 huondolewa, na pengo hujazwa kwa kuunakili uzi wa pili uliobaki mzima. Kama umetembea juani leo, kazi hii inaendelea kwenye ngozi yako hata sasa. Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, ndiye aliyeichambua hatua kwa hatua, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich.

Kosa la Mayotte ni la herufi moja tu: palipotakiwa kuwa na G pana C. Herufi hiyo ndiyo huionyesha seli mahali pa kukata inapoandaa maelekezo ya kutengeneza protini. Ikibadilika, seli huiruka sehemu nzima ya 13 ya jeni, na protini haipatikani. Kosa hilo hilo limekutwa kwa wagonjwa weusi kusini mwa Afrika, na watafiti wanaamini lilitoka kwa mhenga mmoja wa Kibantu, kabla vizazi vyake havijatawanyika. Ndiyo maana sioni sababu ya madaktari wa mwambao wetu kuyaona maradhi haya kuwa ni ya visiwani tu.

Baba na mama wa mtoto mgonjwa kwa kawaida ni wazima kabisa. Kila mmoja ana nakala moja nzima ya jeni na moja mbovu, na ile nzima inatosha. Kila wanapopata ujauzito, uwezekano wa mtoto kurithi nakala mbovu zote mbili ni mmoja kati ya nne. Ndoa za binamu huongeza uwezekano huo, kwa kuwa wote wawili wanaweza kuwa wamerithi kosa lile lile kutoka kwa babu mmoja.

Kinachoniumiza ni jinsi dalili zinavyopita bila kutambuliwa. Katika aina nyingine za XP, mtoto akikaa juani dakika chache tu huungua na kutoka malengelenge, na wazazi humkimbiza hospitali. Mwenye kasoro ya XPC mara nyingi haungui. Huanza kutoka madoadoa usoni na nyuma ya viganja, aghalabu kabla ya kutimiza miaka miwili. Ngozi hukauka na kukwaruza. Akitoka nje hufinya macho, nayo huwa mekundu. Nyumbani watasema ni joto, au ngozi ya ukoo. Wengine hudhani ni ualbino, na sivyo: mwenye ualbino amekosa rangi ya kumkinga, lakini seli zake zinajua kurekebisha DNA. Huyu rangi anayo, ila marekebisho hayafanyiki.

Kila siku ya jua humwachia makosa yasiyofutika. Utafiti mmoja wa Marekani, uliofuatilia wagonjwa kwa karibu miaka 40, ulionyesha kwamba nusu ya waliopata saratani za ngozi zisizo za melanoma walizipata kabla ya kufikisha miaka 10. Macho, midomo na ncha ya ulimi navyo hushambuliwa. Wenye kasoro ya XPC wana hatari zaidi ya kupata saratani ya damu pia, hivyo haitoshi daktari kuwakagua ngozi peke yake.

Tiba ya kuiponya kasoro yenyewe bado haijapatikana. Kinga ipo, nayo hupunguza sana madhara: nguo za mikono mirefu, kofia pana, miwani inayozuia urujuanimno, losheni ya jua kila siku hata kukiwa na mawingu, na vitamini D kwa kuwa mtoto halioni jua. Dirisha la kioo halitoshi, maana sehemu ya mionzi hiyo hupenya. Shuleni akae mbali na dirisha, na michezo ifanyike baada ya jua kuzama. Uvimbe wowote mpya ukatwe ungali mdogo.

Mtoto mmoja akishathibitishwa na kosa la familia likajulikana, wadogo zake wanaweza kupimwa damu wakiwa wachanga, kabla doa lolote halijatokea.