Sitara si siri: kuwajibu watoto wadogo wanapouliza kuhusu miili yao

Mtoto wa miaka mitatu au minne hachagui mahali pa kuulizia. Anauliza ndani ya daladala la kwenda Uyole, kanisani katikati ya mahubiri, au mbele ya wageni: "Mama, mbona mimi sina kama ya kaka?" "Mtoto wa shangazi atatokea wapi?" Wengi wetu tuna majibu matatu: kumfinya, kucheka, au kumwambia hayo ni mambo ya wakubwa. Yote matatu humfundisha kwamba kuhusu mwili wake hana mtu wa kumwuliza.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulifanyika mwaka 2009, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18. Kiasi cha nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote, na kwa wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi. Makala hii inahusu huko kunyamaza, maana kunaanza mapema sana, na mara nyingi tunakufundisha sisi wenyewe bila kukusudia.

Chukua maneno tunayoyatumia kila siku: sehemu za siri. Kwa mtu mzima ni maneno ya heshima na hayana ubaya. Lakini mtoto huchukua neno kama lilivyo, na siri ni jambo lisilosemwa. Mtu mwenye nia mbaya naye hutumia neno hilo hilo: "Hii ni siri yetu, usimwambie mama." Mtoto aliyekwisha kuambiwa na mama kwamba pale ni siri atamwelewa mtu huyo vizuri sana. Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, nalo ni sitara. Kusitiri ni kufunika kwa heshima, kama tunavyofunika chakula kwa kitambaa. Kila aliyepo nyumbani anajua chakula kipo, na inzi akiingia hakuna anayeona aibu kusema. Basi mtoto aambiwe: "Hapa tunapafunika, hapachezewi na mtu. Lakini hapana siri. Mtu akipagusa, njoo uniambie, hata kama amekukataza."

Kisha kuna majina. Nyumba moja husema "dudu", nyingine "nanii", nyingine "kule chini". Tuseme nyumba fulani inaita "andazi". Mtoto akimwambia mwalimu wa chekechea kwamba mtu fulani amemshika andazi lake, mwalimu atamjibu kuwa atanunuliwa jingine, na habari itaishia hapo. Uume, uke, matako na matiti ni majina yanayoeleweka kwa mwalimu, kwa nesi na kwa polisi. Ikiwa kwa Kinyakyusa au Kihehe majina hayo yanasikika kama matusi, tumia ya Kiswahili.

Namna ya kujibu ni kujibu kile alichouliza, kwa ufupi, kisha kunyamaza. "Wewe ni msichana, una uke. Kaka ni mvulana, ana uume. Mungu amewaumba hivyo." Kwa mtoto wa miaka mitatu imetosha, naye atarudi kwenye mchezo wake. Wa miaka mitano anayeuliza mtoto anatoka wapi aambiwe kwamba ndani ya mama kuna mji wa mimba, mtoto anakulia humo, na siku ikifika anatoka kwa njia iliyo katikati ya miguu ya mama, nesi akisaidia. Kumwambia kuwa mtoto alinunuliwa hospitali ni kuahirisha tu, tena kwa gharama, maana siku atakapojua ukweli atajua pia kwamba kwa mambo haya wewe si wa kuaminiwa. Akiuliza ndani ya daladala, mjibu, "Umeuliza vizuri, tutaongea tukifika nyumbani," na mkifika muongee kweli. Ukimkuta anajichezea, mwambie hayo hayafanywi mbele za watu. Fimbo haihitajiki.

Wapo wazee watakaosema haya ni mambo ya kigeni. Tuwasikilize, lakini tuwakumbushe na ya kwao. Mtafiti Monica Wilson, aliyeishi kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika jinsi wavulana wa karibu miaka 10 walivyoacha kulala kwa wazazi na kuanzisha kijiji chao na marika wenzao, na jinsi mke wa kijana alivyotakiwa kabisa asionane na baba mkwe wake. Sitamani turudi huko (desturi ile ya mkwe ilikuwa mzigo mzito kwa mwanamke), ila haiwezi kusemwa kuwa faragha ya mwili imeletwa na meli. Watu walihamisha hata nyumba kwa ajili yake.

Kuongea nako kulikuwa na mwenyewe. Mzazi alimwonea haya mtoto wake, lakini bibi alitaniana na mjukuu na kumjibu. Mpango huo umeharibika. Vijana wamehamia mijini, na UKIMWI ulipiga hapa kuliko kwingine: utafiti wa mwaka 2007/2008 ulikuta karibu asilimia 16 ya watu wazima wa Iringa, wakati huo ikiwa pamoja na Njombe, wana virusi, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Bibi wengi wakawa wazazi mara ya pili. Anayekuchapa asubuhi kwa kuchelewa shule ni vigumu kuwa mtani wako jioni, na hivyo mjukuu akabaki bila mzazi na bila bibi wa kuulizwa.

Nyumba nyingine anayeulizwa kwanza ni dada wa kazi, kwa sababu ndiye anayemwogesha mtoto. Afundishwe naye majibu hayo hayo. Tena asisahaulike kwamba mara nyingi yeye mwenyewe bado ni mtoto, aliyetoka kijijini Iringa kwenda kulala sebuleni kwa watu.

Mufindi na Rungwe mwezi wa saba baridi ni kali. Watoto huogeshwa jikoni karibu na moto na kulala kwa kubanana, na mgeni akifika usiku huingizwa kitandani mwa watoto. Hapa nasema wazi: mgeni asilale na watoto, hata akiwa mjomba. Kuanzia miaka mitano hivi mtoto ajifunze kujiosha mwenyewe, na sisi wakubwa tupige hodi kabla ya kuingia anapovaa. Asilazimishwe kupakatwa na mtu asiyemtaka. Shikamoo inatosha kwa adabu.

Wafadhili wetu huuliza semina ya malezi inagharimu kiasi gani. Pengine ni vizuri kuuliza pia bei ya pazia la kugawa chumba, godoro la pili, na mlango wa bafu la nje. Mtoto aliyefundishwa kujisitiri anahitaji mahali pa kujisitiria.

Neno la mwisho ni kwa kamati za parokia, kwa sababu nyumba ikianza kujibu maswali, kuna mtoto atakayesema jambo zito. Msikilizeni bila kumhoji mara nyingi na bila kumlaumu. Asiogeshwe wala kubadilishwa nguo. Apelekwe hospitali mara moja, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianza ndani ya saa 72. Taarifa ifike Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa ofisa ustawi wa jamii. Simu namba 116 hupokea habari za watoto bila malipo. Akija mtu na mbuzi au fedha ili mambo yaishie nyumbani, kamati isikae kikao hicho.