Wembe wa Nundu na jicho la mchimbaji

Ukipita Nundu asubuhi, kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka, kuna nyundo utaisikia kabla ya kumuona mwenye kuipiga. Ni ya mzee mmoja fundi wa chuma, amepita miaka sabini. Aliniomba nisiandike jina lake, basi nitamwita Papa, kama tunavyomwita sote. Fuawe yake ni kipande cha ekseli ya kamio. Mvukuto unavutwa na mjukuu wake.

Sisi wachimbaji tunamjua kwa burini na mitalimbo. Burini ikichoka na mawe inarudi kwake, anaichoma, anaichonga upya, inashuka tena shimoni. Lakini safari hii nilimkuta na kazi ingine kabisa: wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani. Mjukuu, ambaye ananyoa watu sokoni, alikuwa amemuonyesha kwenye telefone picha ya wembe wa chuma cha Damascus, chenye mistari kama maji ya ziwa upepo ukipita.

«Nkambo, hii unaweza?»

«Leta makaa,» Papa akajibu.

Bon, niliketi kuangalia, na sikuondoka mpaka jioni.

Alichukua resori ya kamio na kipande cha msumeno mkubwa wa mashine ya mbao. Akavikata vipande saba, akavisugua mpaka viking'aa, akavipanga kimoja cha resori, kimoja cha msumeno, akavifunga kwa waya. Vikawa vyekundu motoni, akavimwagia boraksi. Boraksi gani? Ile ile ambayo wanunuzi wa dhahabu wanatia wakiyeyusha mali yetu! Inasafisha uchafu na kuzuia hewa, chuma kwa chuma vishikane. Zamani, anasema, mafundi walitumia mchanga safi.

Moto ukafika rangi ya njano, karibu ya kutoa cheche. Hapo nyundo ya kwanza haipigwi kwa nguvu. «Ukiichapa na hasira, inaachana,» alisema. «Kwanza uibembeleze.» Vipande saba vikawa kimoja. Akakikata katikati, akakunja, akachoma tena: tabaka 14. Halafu 28, halafu 56, halafu 112. Mwisho akakisokota kama kamba, akakilaza na nyundo. Ule msokoto ndio unazaa maua ya chuma.

Akatengeneza umbo: mgongo mnene, tumbo jembamba, mkia wa kushika kidole. Akauzika katika majivu upoe usiku kucha, ulainike, apate kuusugua kwa tupa.

Kesho yake nikarudi, maana Papa aliniambia kazi yenyewe ndiyo inaanza. Aliuchoma wembe akiugusa mara kwa mara na sumaku ya radio iliyokufa. Chuma kikifika moto wake, kama digri 770, sumaku hakikubali tena. Akaongeza moto kidogo, akauchovya katika mafuta ya mawese ya uvuguvugu. Tssss! Sasa chuma ni kigumu kama kioo, na kama kioo, kikianguka kinavunjika. Akausugua ung'ae, akaupasha tena polepole mpaka ukawa rangi ya majani makavu. Hapo ugumu unapungua kidogo tu, makali yanabaki.

Nikamuuliza: «Papa, na burini unafanya hivi hivi?»

Aliniangalia kama mtu aliyeuliza kitu cha aibu. «Hapana, mwana wangu. Wembe unakata nywele. Burini inapigwa. Ncha ya burini ninaipasha zaidi, mpaka karibu na zambarau. Na kichwa chake, pale nyundo inapiga, sikikazi hata kidogo. Kikiwa kigumu, kitaruka vipande.»

Ndugu msomaji, nilinyamaza. Katika shimo moja la huku kwetu Fizi kuna kijana niliyemsaidia mimi mwenyewe kubeba. Burini ya bei rahisi, iliyokazwa yote kutoka ncha hadi kichwa, ilivunjika chini ya nyundo na kipande kikaingia jichoni. Jicho halikurudi. Tulichanga pesa za matibabu, tukamlaumu PDG wa shimo, tukaandika ripoti. Hakuna aliyeuliza nani alifua ile burini, na nani alimfundisha.

Turudi kwa wembe. Mzee aliusugua kwenye jiwe, akamwomba negosian mmoja asidi ile ya kupimia dhahabu, akaichanganya na maji mengi, nje, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali. Aliuchovya kidogo, akauosha kwa maji ya majivu. Mistari ikatoka. Chuma cha msumeno, ambacho kina nikeli, asidi haikiwezi haraka, kinabaki cheupe. Resori inakuwa nyeusi. Mpini ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, msumari wa shaba. Akaunoa kwenye mkanda wa ngozi, akajinyoa mkono. Mjukuu akapiga kelele hata watu wa barabarani wakasimama.

Hii Damascus ni jina tu. Ile ya kale haikuwa ya kukunja tabaka: ilikuwa chuma kilichoyeyushwa katika vyungu, India ya kusini na Sri Lanka. Wazungu walikikuta katika masoko ya Sham, wakakipa jina la soko. Na Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma, na kwamba chuma cha Sofala kilinunuliwa kupelekwa India, kufuliwa panga. Kule Kagera, Tanzania, wazee wa Kihaya walijenga tena tanuru ya mababu kwa kukumbuka tu, wakatoa chuma kigumu. Wataalamu Schmidt na Avery wakaiandika dunia nzima isome mwaka 1978. Kumbe elimu hii haikuja kwetu na meli.

Lakini jina linakwenda kwa anayeuza. Dhahabu ya Misisi ikishavuka ziwa, nani anaita tena Misisi?

Na sisi wa sendika tunafanya kosa hilo hilo. Tunahesabu wachimbaji, wabebaji, wanaosaga mawe, wanaosafisha mchanga. Fundi wa chuma hayumo katika daftari letu. Tunamlipa deni, «tukipata mali tutakuja,» na mara nyingi hatuji. Papa alikuwa na wanafunzi wanne. Watatu wameingia shimoni, maana huko angalau kuna matumaini ya bahati. Amebaki mjukuu, naye ni nusu siku, nusu ya pili ananyoa.

Katika mkutano wetu ujao nitaomba vitu vitatu: fundi aandikwe kati ya watu wa kazi ya mgodi, burini zilipwe siku zinapochukuliwa, na kila shimo litoe kitu kidogo kwa kijana mmoja anayejifunza kwake. Mtu atasema pesa hakuna. Mimi nitamuomba yule kijana wa jicho moja asimame, wamjibu yeye.

Wembe haukuuzwa. Mjukuu ananyolea nao, anauchemsha kati ya mteja na mteja. Alinyoa na mimi. Sikuhisi kitu.