Anaingia Mitano au Ametimiza Mitano?

Desemba, Chome yetu ya milima ya Upare hujaa. Magari yanapanda mlima na mchele, magodoro na watoto waliokulia Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, wote wakienda kula sikukuu kwa bibi zao. Wiki mbili ni ndefu kwa mtoto wa mjini, kwa hiyo siku moja wazazi wengi huwateremsha hadi Same, wakapita lango la Zange kwenda kuwaona tembo na twiga wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo hakuna aliyelipigia hesabu: mtoto ambaye Jumatatu ana miaka minne na Ijumaa ana mitano, analipiwaje?

Mwaka jana swali hilo lilinikuta mara mbili kwa mpigo. Binti yetu mdogo alikuwa anatimiza miaka 5 tarehe 24 Desemba, kaka yake anatimiza 16 tarehe 27. Kwa hifadhi za taifa, hiyo ndiyo mipaka yenyewe. TANAPA haimtozi mtoto aliye chini ya miaka 5. Kuanzia 5 hadi 15 analipa kiwango cha mtoto. Akifika 16, ni mtu mzima.

Kabla ya fedha, tuelewane kwanza kwenye lugha, maana nyumbani ndiko tunakochanganya. Mama mkwe wangu alikuwa akimwambia kila mgeni kwamba mjukuu wake “ameingia wa tano”, na kwa hesabu yake ni kweli: akishamaliza minne, yuko ndani ya mwaka wa tano. Lakini lango halihesabu mwaka alioingia, linahesabu miaka aliyotimiza. Mtoto wa miaka minne na miezi kumi na moja ana miaka minne, basi. Na ile “hadi 15” haiishii siku anayotimiza 15. Inaendelea mwaka mzima mpaka mkesha wa kutimiza 16. Nimewaona wazazi wanaomlipia mtoto wa miaka 15 na nusu kama mtu mzima kwa sababu yeye mwenyewe amesema “niko kumi na sita”. Walipoteza haki yao kwa neno moja.

Sasa hesabu. Kwa raia wa Afrika Mashariki, viwango vya Mkomazi nilivyovitumia ni shilingi 5,000 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mtoto, juu yake VAT ya asilimia 18. Tungeshuka tarehe 23, wazazi wawili, kijana kwa kiwango cha mtoto na binti bure, tungelipa 12,000, yaani 14,160 pamoja na kodi. Tarehe 28, watu wazima watatu na mtoto mmoja ni 17,000, pamoja na kodi 20,060. Tofauti ya siku mbili za kuzaliwa kwa pamoja ni shilingi 5,900.

Nilipoiona hiyo namba niliacha kuumiza kichwa. Gari dogo lenye namba za Tanzania peke yake linalipiwa 20,000 kabla ya kodi, na bado hujaweka mafuta wala hujalipa gari la kukodi kama lenu haliwezi njia za ndani. Kuharakisha safari ili kuwahi tarehe, mkashuka mlima kwenye matope na watoto waliochoka na safari ya jana, eti mwokoe 5,900, ni kujitesa. Chagueni siku kwa hali ya hewa na kwa afya ya watoto. Ada iacheni ije yenyewe.

Hesabu hiyo hubadilika kabisa familia ikiwa na pasipoti ya kigeni, na Wapare walioko nje wako wengi. Mtoto aliyezaliwa ughaibuni akiwa raia wa huko hulipa kwa dola, hata kama babu yake amezikwa Chome. Mkomazi kwa mgeni ni dola 30 mtu mzima na 10 mtoto, kabla ya VAT. Kutimiza 16 katikati ya likizo kunaongeza dola 20. Wakiendelea hadi Serengeti, ambako Desemba mtu mzima ni dola 70 na mtoto 20, pengo linakuwa dola 50 kwa kila saa 24, kwa sababu ada hulipwa kwa saa 24 na anayelala ndani hulipa tena. Siku tatu ni dola 150 kwa kijana mmoja. Kwa familia ya namna hiyo ningesema bila kusita: pangeni Serengeti kabla ya tarehe, na sherehe ya kuzaliwa ifanyeni mlimani baadaye. Muulizeni pia wakala wa safari anahesabu umri wa siku gani, na mtafute jibu la maandishi, maana hoteli za porini zina mipaka yao. Nyingi humwona mtoto kuwa mtoto mpaka miaka 11 tu.

Kwenye treni mambo yalikuwa mengine. Tuliondoka Dodoma kwa SGR, tukapitia Dar kumchukua dada yangu. Kwa nauli zilizotangazwa na LATRA mwaka 2024, Dodoma hadi Dar ni 31,000 daraja la kawaida, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, yaani 15,500, na chini ya 4 bure. Binti yetu ambaye Mkomazi angeingia bure, kwenye treni alilipa nusu. Kaka yake ambaye langoni alikuwa bado mtoto, kwenye treni ni mtu mzima tangu alipopita 12. Na kwa kuwa siku zao za kuzaliwa hazikugusa mipaka ya treni, tulirudi Januari kwa nauli ileile.

Kutoka Dar hadi Same ni basi, na huko kipimo ni siti. Ukimpakata halipi, akikaa anakatiwa tiketi. Mama mmoja mbele yetu alikuwa na mvulana mwenye miguu mirefu. Konda alimtazama mtoto kuanzia viatu hadi kichwani, akamuuliza, “Kijana, una miaka mingapi?” Mvulana akamgeukia mama yake kwanza. Nikamwona mama akiminya midomo na kuinua vidole vinne pembeni ya pochi. “Minne,” mtoto akasema kwa sauti ya chini, huku akiangalia sakafu ya basi. Konda wala hakubishana. “Mama, minne au saba, akikaa analipa.” Yule mtoto alitumwa aseme uongo mbele ya basi zima, na uongo wenyewe haukupunguza hata shilingi. Jambo hilo liliniuma, na siku hiyohiyo niliwaambia wanangu wawili kwamba popote watakapoulizwa umri waseme ulio wa kweli.

Mahali ambapo siku ya kuzaliwa hugharimu sana ni angani. Mtoto aliye chini ya miaka 2 husafiri mapajani, na kwa safari nyingi za kimataifa hulipa karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza 2 lazima awe na siti yake na nauli ya mtoto. Wifi yangu alikuja kutoka Muscat na mwanawe wa mwaka mmoja na miezi kumi na moja. Wakala alimkatia tiketi ya kwenda na kurudi ya mtoto mchanga, hakuuliza tarehe. Mtoto akatimiza miwili hapa Chome, tukachinja mbuzi. Siku ya kurudi, kaunta ikafungua pasipoti, ikaona tarehe. Wifi alinunua siti papo hapo kwa bei ya dakika ya mwisho, huku akilia.

Dawa yake ni swali moja kabla ya kulipa: “Mtoto anatimiza miwili kabla hatujarudi, tiketi ya kurudi inakatwaje?” Yapo mashirika yanayokata kwenda kama mchanga na kurudi kama mtoto, yapo yanayotaka nauli ya mtoto safari nzima. Linganisha hayo mawili kabla ya kulinganisha bei za matangazo. Kwa anayetimiza 12 hali ni laini zaidi, kwa kuwa mengi huangalia umri wa siku safari inapoanza.

Kokote uendako, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kijana wa miaka 15 aliyempita baba yake kimo hana kitambulisho cha NIDA, hicho ni cha kuanzia 18, na mlinzi wa lango hana sababu ya kuamini maneno yako. Kitambulisho cha shule husaidia kikiwa na tarehe. Kwa mdogo, kadi ya kliniki iwe pamoja na cheti cha RITA.

Sisi tulishuka tarehe 28. Mvua ilikuwa imekatika siku mbili, barabara imekauka. Langoni askari alisoma vyeti viwili, akamtazama kijana wetu, akasema, “Hongera, jana tu umekuwa mkubwa,” akaandika watu wazima watatu, mtoto mmoja. Binti aliomba karatasi ya malipo akae nayo yeye. Tulipofika bwawa la Dindira na kuwakuta tembo wanakunywa, alikuwa bado ameishika, imelowa jasho, na alitaka kujua kama na ndama wa tembo naye amelipiwa.